Ubao wa Mafundi na Ufa wa Bi Mwajabu

Hapo zamani, na msikae mkao wa kusubiri mazimwi, maana zamani yangu hii si ya mbali hivyo. Bati lilikuwa limeshaingia mjini na makuti yalikuwa hayajatoka. Hapo zamani, basi, palikuwa na mji ukiitwa Kwamboza, na katika mji huo palikuwa na mwanamke mshona magodoro, jina lake Bi Mwajabu. Sogeeni karibu. Wewe wa nyuma, ukisinzia nitakuuliza wewe wa kwanza, kwa sababu mwisho wa hadithi hii kuna swali, na swali lenyewe mimi limenishinda.

Bi Mwajabu alishona magodoro ya sufi. Aliichambua sufi kwa mkono, mbegu huku, sufi kule, akajaza, akashindilia, akashona kwa shazia, ile sindano nene ya magodoro, mpaka vidole vikafanya sugu. Mji mzima ulilala juu ya kazi yake. Maharusi walianzia maisha hapo, wazazi walijifungulia hapo, wagonjwa waliuguzwa hapo. Yeye mwenyewe alipanga chumba kimoja na alilala juu ya mkeka. Mganga hajigangi, jamani.

Sasa, Bi Mwajabu alikuwa na mama yake, Bi Somoe, mtu mzima sana, macho yameshaingia ukungu. Mama huyo alikaa kijiji cha pili, kwa jamaa wa marehemu mumewe, na watu wale walimpa mahali pa kulala jikoni, kati ya mafiga na kuni. Kila Idi Bi Mwajabu alikwenda kumwona, na kila Idi mama alimwambia neno moja.

"Mwanangu, kufa sikatai. Nakataa kufia jikoni kwa watu."

Bi Mwajabu alirudi nyumbani akilia njia nzima. Miaka kumi na miwili alishona magodoro ili ajenge nyumba, na nyumba yenyewe ilikuwa na sababu moja tu: mama apate chumba chenye mlango wake.

Kiwanja kikapatikana. Ikabaki kupata fundi.

Hapa niwaeleze mafundi wa Kwamboza, maana ndipo kamba ilipojifunga. Katika mji ule mtu hakuokota mwiko akajiita fundi. Kulikuwa na Chama cha Mafundi, kina jumba lake, na ndani ya jumba kuna ubao mweusi mpana. Fundi aliyesajiliwa jina lake liliandikwa kwa chaki kwenye ubao huo. Mwenye jina ubaoni ana bima. Na bima yao haikuwa karatasi, ilikuwa mikono ya watu. Kazi ya fundi ikiharibika kabla ya masika matatu kupita, mwenye nyumba anafika dirishani kwa chama, anataja jina la mwenye kosa, kengele inagongwa, na mafundi wote wa mji wanakuja na miko yao kujenga upya. Mwenye nyumba hatoi hata kikombe cha uji. Ila yule aliyetajwa, jina lake linapigwa mstari, na hashiki kazi ya watu mpaka masika matatu yapite.

Ili bima hiyo isimame, kila fundi alitoa siku sita kwa mwaka kwenda kurekebisha makosa ya wenzake. Waliziita siku za jasho. Asiyezitoa, Ijumaa ikifika jina lake linafutwa kwa kitambaa chenye maji. Na asiye na jina, ukuta wake ukilala, umelala.

Kwa hiyo mtu yeyote mwenye akili zake, kabla ya kumpa fundi kazi, alikwenda dirishani akataja jina la fundi kwa sauti. Karani ndani anatazama ubao, anajibu neno moja: "Yumo." Au: "Hayumo." Basi, kwisha. Kazi ya kupumua tu.

Isipokuwa kwa Bi Mwajabu. Fundi wake alikuwa mkwewe, mume wa bintiye Hidaya.

Nyie wa siku hizi mnawapigia wakwe zenu kelele kama mnawauzia samaki. Kule Kwamboza hapana. Mama mkwe na mkwewe hawakupeana mkono. Hawakula sinia moja. Wakiongea, kila mmoja anatazama upande wake na maneno yanapitia kwa binti. Na zaidi ya yote, mama mkwe hataji jina la mkwewe. Hata nyumba ikiwaka moto atasema, "Wewe uliyeoa kwetu, toka!" Jina lenyewe halipiti mdomoni, na anayelipitisha amemvua mkwewe nguo hadharani.

Kijana mwenyewe aliitwa Kihiyo. Mimi namtaja, hakuoa kwangu.

Kihiyo alikuwa hodari wa misingi, na aliposikia mama mkwe anataka kujenga, alimwambia Hidaya, "Mwambie mama msingi huu ni wangu. Nitauchimba kabla ya vuli."

Bi Mwajabu akatazama pembeni, akamwambia Hidaya, "Mwambie mwenzio Mungu ambariki."

Kijana akaingia kazini. Achimbe, abebe mawe, achimbe, abebe mawe, peke yake, na juu ya yote bure. Lakini wiki ile ile ya kwanza ya kuchimba ndiyo ilikuwa wiki ya siku za jasho. Chama kilimwita upande huu, mama mkwe yuko upande ule, na mawingu ya vuli yanakusanyika. Nani awezaye kumwambia mama mkwe asubiri? Kihiyo alichimba msingi. Ijumaa ikapita. Akajua moyoni kwamba jina lake limefutwa, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Sasa sikilizeni. Kwenye pembe ya nyuma ya kiwanja kile palikuwa na shimo la choo cha watu waliohama zamani. Walilifunika kwa jiwe la kusagia lililovunjika, wakamwaga majivu na udongo juu, wakaenda zao. Kihiyo alipofika pembe ile, sururu ikatoa majivu. Akashtuka. Akachomeka nondo, nondo ikagonga kitu kigumu: ko! Akasema, huu ni mwamba.

Kanuni ya mafundi ni kwamba mtu akikuta majivu kwenye mfereji amwite fundi wa pili, aje na mtaimbo ausikilize udongo mwanzo mpaka mwisho. Lakini Kihiyo angemwita nani? Angefikaje kwa wenzake, yeye aliyefutwa? Akaona haya, akanyamaza. Na shimo nalo likanyamaza.

Bi Mwajabu hakuwa mjinga. Kila siku alipita na beseni lake la sufi, anatupa jicho upande, anaona kijana yuko peke yake. Hakuona mtaimbo wa fundi wa pili. Akajiuliza mbona wenzake wa chama hawamsogelei. Akajisemea, niende dirishani nikaulize. Akavaa khanga, akafika mpaka kizingitini kwa chama, mdomo akaufungua. Jina likamkwama kooni. Watu nyuma yake wanangoja zamu. Akasingizia kwamba amesahau uzi sokoni, akageuka.

Akamtuma jirani yake, Chausiku, muuza vitumbua. "Nenda kaniulizie yule aliyeoa kwangu."

"Si uende mwenyewe?" Chausiku akacheka.

"Chausiku, usinitie aibu. Nenda."

Chausiku akaenda, akasimama dirishani, akalitaja jina kwa sauti ya kuuzia vitumbua. Ndani alikuwapo karani, Mhina, mtu mpole, mguu mmoja umekakamaa tangu alipoanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, na chama kikampa kazi ya ubao ili asife njaa. Mhina akalitazama jina la Kihiyo. Lilikuwa bado lipo. Ijumaa ile alikuwa ameshika kitambaa chenye maji, akafuta majina mawili, alipofika kwa Kihiyo mkono ukakataa. Alikuwa amemwona kijana akipita na mawe kichwani, anamjengea mama mkwe. Akasema moyoni, "Nitampa mpaka mwezi uandame. Atakuja kutoa siku zake."

Chausiku akasubiri. Mhina akakohoa. Akasema, "Yumo."

Alipaswa kuongeza, "lakini siku zake hajatoa." Akaona haya, akanyamaza. Na shimo nalo, mnajua, likanyamaza.

Na oneni mambo ya dunia! Karani anamngoja Kihiyo aje atoe siku zake. Kihiyo anapita mbali na jumba lile, asije akaambiwa hayumo. Mwezi ukaandama. Mhina akashusha pumzi, akafuta.

Msingi ukakamilika. Vuli ikanyesha, maji yakatafuta njia yake chini kwa chini kama kawaida ya maji. Vuli ikaisha. Kihiyo akapata kazi ng'ambo ya mto, ya kuwachimbia visima watu wasiouliza habari za ubao. Kwa kuta, Bi Mwajabu akamtafuta Fundi Shekiondo.

Huyu jina lake lilikuwa ubaoni miaka thelathini bila kupigwa mstari hata mmoja. Alikuwa mzee wa mikono mikubwa na maneno machache. Safari hii Bi Mwajabu alikwenda dirishani mwenyewe, kifua mbele, akaita, "Shekiondo!" Na Mhina akajibu kabla hajamaliza, "Yumo!" Bi Mwajabu akarudi anatembea kama bibi harusi.

Siku ya kwanza Shekiondo aliuzunguka msingi wote, anakanyaga kwa kisigino. Ndi, ndi, ndi. Pembe ya nyuma: ndu. Akasimama. Akakanyaga tena: ndu.

"Bibi, msingi huu kajenga nani?"

Bi Mwajabu uso ukamng'aa. "Aliyeoa kwangu. Peke yake, baba, na mawe kabeba kichwani."

Shekiondo akamtazama mama yule alivyofurahi. Akakumbuka walichofundishwa tangu wakiwa wanakoroga udongo: fundi hamwaibishi fundi mwenzake mbele ya mkwewe. Akawaza, nikisema huu msingi ubomolewe, kijana atamtazamaje mama huyu? Akaona haya, akanyamaza. Badala yake akaamua kuinenepesha pembe ile. Ukuta ukawa mnene maradufu, mawe juu ya mawe, chokaa juu ya chokaa. Alifanya kwa nia njema na kwa nguvu zake mwenyewe. Ila ninyi nyote mnajua kinachotokea ukimtwika mzigo mzito mtu aliyesimama juu ya kifuniko.

Bati likapanda. Vigelegele! Bi Mwajabu akashona godoro moja la mwisho, sufi nyeupe tupu isiyo na mbegu hata moja, akalitandika juu ya mkokoteni, akaenda kijiji cha pili kumchukua mama yake. Bi Somoe aliingia mjini amelala juu ya godoro kama malkia, anauliza kila baada ya hatua kumi, "Tumefika?" Alipofika aliupapasa mlango, akaupapasa ukuta, akaupapasa mlango tena. Akakaa chini akalia. Bi Mwajabu naye akakaa karibu yake, wakalia pamoja, na ile ilikuwa siku njema kuliko zote katika maisha yao wawili.

Siku ya tisa, asubuhi, mama akaita kutoka chumbani.

"Mwajabu! Mbona kuna upepo unanipapasa shingoni?"

Bi Mwajabu akaingia. Ukuta wa nyuma ulikuwa umepasuka kutoka juu hadi chini, ufa wa kupitisha mkono, na kwa nje kuku walikuwa wanachungulia. Zilibaki siku kumi masika yaanze.

Akashika kichwa. "Mama, toka! Ukuta utakuangukia."

"Nitoke niende wapi?"

"Tutarudi... tutatafuta mahali."

"Jikoni sirudi," akasema Bi Somoe, akajilaza tena. "Hapa ni kwangu. Ukuta ukitaka kuja na uje, utanikuta chumbani kwangu."

Basi mji ukakusanyika. Chama kikaja chote, na mkuu wa chama akaamuru ubao uletwe pale uani pamoja na kengele, vikaegemezwa kwenye mkokoteni ule ule. Wakachimba pembeni ya pembe ile, jiwe la kusagia likaonekana limelala upande, na harufu ya zamani ikatoka. Kila mtu akashika pua. Na kila fundi akajua.

Bi Mwajabu akasimama mbele ya watu. "Mimi nilikwenda kuuliza," akasema. "Nilimtuma mtu akaulize. Nikaambiwa aliyeoa kwangu yumo. Sasa naomba bima yangu."

Mkuu wa chama akatazama ubao. "Mama, jina hilo halimo."

"Chausiku aliambiwa limo!"

Chausiku akaruka mbele. "Wallahi niliambiwa yumo! Kwa masikio yangu haya mawili!"

Macho yote kwa karani. Mhina akasogea na mguu wake. Hakukana.

"Nilisema yumo, na siku ile alikuwamo. Nilichelewa kufuta kwa sababu nilimhurumia. Mimi mwenyewe ninakula kwa huruma ya chama hiki, ningemnyimaje mwenzangu siku chache? Kosa langu ni huruma. Mimi sikuchimba, sikujenga. Chaki haipasui ukuta."

Watu wakaguna. Lina ukweli, neno lile.

Shekiondo akatoa kofia. "Mimi niliusikia udongo, nikanyamaza. Lakini msingi si kazi yangu. Miaka thelathini nimejenga juu ya misingi ya wenzangu, na ukuta wangu uko wapi ulioanguka? Tazameni, hata huu, jiwe kwa jiwe limeshikana, kilichoupasua ni kukosa pa kukanyaga. Nilimfichia kijana aibu yake. Leo niitwe mwongo kwa sababu nilimheshimu mkwe wa mtu?"

Watu wakaguna tena. Nalo lina ukweli.

Kihiyo alikuwa amefika kutoka ng'ambo ya mto, udongo wa kisima bado miguuni. Alisimama amempa mama mkwe ubavu, anamtazama Hidaya, ambaye tumbo lake lilikuwa limeshafika mwezi wa saba.

"Mwambie mama," akasema, "jina langu lilifutwa kwa kuwa zile siku sita nilizitoa kwake. Sikuziuza, sikulala. Mwambie nondo iligonga kitu kigumu, nikaamini ni mwamba. Mwambie nilipaswa kumwita mwenzangu na mtaimbo, nikashindwa, niliona aibu. Mwambie..."

Hidaya hakuwa na haja ya kumwambia, mama alisikia yote. Moyo wa Bi Mwajabu ukauma. Akakumbuka mawe yale kichwani, siku baada ya siku, na kijana hakuwahi kuomba hata maji. Akakumbuka na siku aliyofika kizingitini, akafungua mdomo, akadanganya habari za uzi. Angelitaja jina lile mwenyewe, karani angemtazama usoni. Karani asingeweza kumdanganya yeye usoni. Pengine. Nani ajuaye?

Kutoka ndani, sauti ya Bi Somoe ikapita kwenye ufa.

"Nyie!"

Wote wakageukia ukuta.

"Nimewasikia. Wote mna huruma. Huyu kamhurumia yule, yule kamhurumia huyu, na binti yangu kamwonea haya mkwewe. Mmehurumiana mpaka ukuta unaniangukia mimi! Sasa nani ananijengea?"

Mtu mmoja alitaka kucheka, akajizuia.

Mkuu wa chama akafikiri, akasema, "Bi Mwajabu, kanuni yetu unaijua. Kengele haigongwi mpaka mwenye nyumba ataje jina la mwenye kosa. Jina moja, kwa sauti, mbele ya ubao. Mawili hayakubaliki. Nitakuambia kila jina na lake, ili usiseme hukuambiwa."

Akaonyesha kwanza kwa Shekiondo. "Ukimtaja huyu, jina lake limo. Kengele italia sasa hivi, mafundi wote watashika kazi, na siku nne ukuta umesimama. Ila jina lake litapigwa mstari, baada ya miaka thelathini, kwa shimo ambalo hakulichimba wala hakulifunika."

Akaonyesha kwa Mhina. "Ukimtaja karani, neno lake dirishani ni neno la chama. Tutalibeba, na kengele italia vile vile. Ila huyu hatashika tena chaki. Na kwa mguu ule sijui atashika nini."

Akamwonyesha Kihiyo kwa kidevu, maana naye aliona taabu. "Ukimtaja aliyeoa kwako, huyu hana bima, kengele haitalia. Atajenga peke yake kwa mikono yake. Kubomoa, kufukia shimo, kujenga, ni kazi ya siku ishirini, na masika yamebakiza siku kumi yaanze. Na baada ya hapo hatasajiliwa mpaka masika matatu, na mkewe anakaribia kujifungua. Tena, mama, itabidi umtaje. Kwa jina."

Akina mama wakafunika midomo kwa khanga.

"Na mimi?" akauliza Bi Mwajabu. "Nikijitaja mimi? Mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza kwa mdomo wangu, nikamtuma mwingine."

"Ukijitaja wewe, hakuna anayepigwa mstari. Wala hakuna kengele. Tutafunga ubao wetu tutaondoka, na mama yako utamtoa humo leo hii umrudishe alikotoka."

"Jikoni sirudi!" ufa ukasema.

Kihiyo akamgeukia mkewe. "Mwambie mama anitaje mimi. Mwambie asione haya."

Hidaya akafungua mdomo. Mkono mmoja aliuweka tumboni. Akamtazama mama yake kwa macho ya kumwomba, na maneno ya mumewe hakuyafikisha. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aolewe.

Shekiondo akaweka mwiko wake chini, juu ya majani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto. Hakusema nitaje, hakusema usinitaje. Mhina naye alikuwa ameshika ufunguo wa jumba la chama, anaugeuza geuza mkononi. Upande wa milimani kukanguruma, bado mbali, lakini wazee wote waliinua nyuso.

Bi Mwajabu akausogelea ubao. Akaupita. Akaenda kwanza kwenye ufa, akapenyeza mkono wake ndani, na kule ndani mkono wa mama yake ukaushika. Ulikuwa mwepesi kama sufi.

"Mama," akasema, "nitaje nani?"

"Mimi nimekuzaa tu," akasema Bi Somoe. "Nyumba ni yako. Taja, mwanangu, mvua inakuja."

Bi Mwajabu akarudi mbele ya ubao. Mkuu wa chama akashika kamba ya kengele, tayari kuivuta au kuiachia. Na Bi Mwajabu akafungua mdomo, safari hii jina halikumkwama. Akalitaja jina moja, kwa sauti, hata kuku walisikia.

Mimi jina hilo ninalo, nilipewa na aliyenisimulia. Sitawapa. Miaka yote nimelibeba, na kila nikilitazama naona amekosea, kisha naona kama amepatia. Nimewahi kuwauliza mafundi, wakagombana. Nimewauliza wakwe, wakanuniana. Nimewauliza akina mama wenye wazazi wazee, wakainama tu.

Haya. Kengele ile pale, Hidaya na tumbo lake yule pale, mkono wa Bi Somoe bado uko ufani unangoja. Wote walikosa, na hakuna aliyekosa kwa ubaya. Je, nani alistahili kutajwa? Wewe wa nyuma, niliyekuahidi utaanza wewe, acha kujifanya umelala. Ungekuwa ndiwe Bi Mwajabu, ungemtaja nani?